Magari Yanayosubiri

Kazi yake ilikuwa kuwafundisha washindi kushindwa.

Aliifanya katika vyumba viwili juu ya duka la magodoro, ambako watu wachache walikuwa wakitengeneza gemu ya mbio za magari, ile ya kuchezwa kwenye kifaa cha kushika kwa mikono miwili, kioo katikati, vitufe pembeni. Haikuwa gemu ya adabu. Magari yaliruka madaraja yaliyokatika, yalipasua vibanda vya matikiti bila mtu kuumia, na ukibonyeza kitufe chekundu moto ulitoka kwenye ekzosi. Mchoraji alichora barabara na milima. Mtu wa sauti alirekodi ngurumo za injini. Yeye alikabidhiwa magari saba ya wapinzani, na swali lake la kila siku lilikuwa moja tu: yamtese mchezaji kwa kiasi gani?

Maana hakuna apendaye ukweli katika mbio. Mchezaji akitangulia mno anachoka, akibaki nyuma mno anatupa kifaa kwenye kochi na hakigusi tena. Kwa hiyo magari hufungwa kamba. Ofisini waliita hivyo, kamba, wakimaanisha kamba ya mpira, kama zile zinazokatwa kwenye tyubu kuukuu za kufungia mzigo kwenye baiskeli. Mchezaji akibaki nyuma, kamba inawavuta wapinzani wasimkimbie: wanakawia kwenye kona, wanakosea njia, wanapunguza mwendo bila kuonekana wamepunguza. Ustadi wote ni kwamba mchezaji asiihisi. Ajione amewakamata kwa nguvu zake mwenyewe.

"Wewe ni mwongo mwenye mkataba wa ajira," mchoraji alimwambia siku moja, akitazama magari yake yakijikwaa kwa makusudi.

"Na wewe uliyechora mlima usio na mgongo?"

"Mlima wangu haumdhuru mtu. Hakuna anayekwenda nyuma ya mlima."

"Haya, chora. Mvua yako inanyesha ndani ya handaki."

Mchoraji aliangalia kioo chake, akaona kweli inanyesha ndani ya handaki, akatukana kwa sauti ya chini. Ndivyo siku zilivyokwenda pale, na zilikuwa njema, mpaka mumewe alipoanguka.

Mumewe alikuwa dereva wa malori, yale marefu yenye trela. Kwenye kipande cha mpira nyuma ya magurudumu ya lori lake paliandikwa KAWIA UFIKE, na wenzake kwenye yadi ya malori wakamwita Kawia, kwa dhihaka, kwa kuwa hakuwahi kukawia hata mara moja. Aliingiza trela kinyumenyume kwenye lango ambalo wengine waliliingia kwa sala. Kiharusi hakikumkuta barabarani. Kilimkuta bafuni, sabuni mkononi, anaimba. Kilichukua upande wa kushoto. Mdomo ulirudi karibu wote. Mguu ulirudi nusu, ukawa wa kuburuta. Mkono ukabaki ukining'inia kama mgeni aliyeazima bega.

Mama mkwe alihamia kwao kuja kusaidia. Alikuja na sanduku moja na maneno yasiyotosha kwenye sanduku. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo naye alimpa mgonjwa mpira mdogo wa kuminya, ili vidole vizinduke. Aliuminya kwa siku chache, halafu akausukumia chini ya kabati kwa mguu mzima.

"Mimi si paka," alisema.

Ndipo mkewe alipomletea kifaa kutoka kazini, chenye gemu ambayo ilikuwa bado kutolewa, magari yake hayajafungwa kamba. "Nahitaji mtu wa kuijaribu," alimwambia. "Ofisini wote tumeizoea." Gumba la kulia lilikanyaga mafuta. Gumba la kushoto ndilo lililopinda usukani. Hilo ndilo alilolitaka mkewe.

Siku ya kwanza mumewe alimaliza wa nane kati ya magari manane. Gari lake lilikwangua uzio kuanzia mwanzo wa barabara hadi mwisho, kama fimbo ya mtoto kwenye mabati. Alipomaliza, alikilaza kifaa kifuani, kioo kikitazama chini, akageukia ukuta.

Mkewe aliujua ukuta ule. Wiki za kwanza baada ya hospitali mumewe alikuwa wa ukuta. Hakula, hakunyoa ndevu, mama yake akimwita alijibu kwa kuvuta shuka. Wote wawili, mke na mama mkwe, waliutoa mwili ule ukutani kidogo kidogo, kwa uji na matusi ya upendo, na mke hakuwa na nguvu ya kuanza tena.

Asubuhi alikibeba kifaa ofisini, akakichomeka kwenye kompyuta, akafunga kamba na kuikaza. Si sana. Ni kama mtu anavyopoza chai ya mgonjwa kabla ya kumkabidhi kikombe.

Jioni ile mumewe akawa wa sita. Alicheka kwa nusu ya mdomo iliyokuwa tayari. "Nimeshaanza kuielewa," alisema, na akala.

Kwa hiyo kesho yake alikaza tena. Na wiki iliyofuata. Kila gumba lilipogoma, kamba ilivuta zaidi, na magari saba yenye rangi kali yakawa yanababaika barabarani kama walevi waliosahau nyumba zao. Mumewe akawa wa tano, wa nne, wa pili. Alinyoa ndevu. Alianza kubishana na redio. Alitembea hadi dukani na kurudi, mkewe pembeni. Mama mkwe alimwambia jirani kwamba mkwe wake ameleta dawa ya umeme.

Lakini kifaa kilikuwa na tabia ya kuhifadhi kila kitu, na kila mkewe alipokichomeka aliona jambo ambalo hakumwambia mtu. Gumba la kushoto halikuwa linapona. Lilikuwa linachelewa zaidi ya mwanzo. Kila kona lilifika likiwa limechoka kuliko jana. Ushindi ulipanda, mkono ulishuka, na kati ya viwili hivyo ilikuwapo kamba yake peke yake.

Jioni aliyomaliza wa kwanza, kifaa kiliimba wimbo wake mfupi wa tarumbeta. Mumewe aliusikiliza mpaka mwisho. Halafu akaomba simu yake.

"Nampigia msimamizi wa yadi," alisema.

"Kumsalimia?"

"Kumwambia mkono umerudi."

Msimamizi wa yadi alikuwa rafiki yake wa miaka mingi, mtu aliyeanza naye kazi, wote wawili wakiwa utingo. Walizungumza, wakacheka, na mke aliyekuwa akiosha vyombo alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, lakini ulitosha. Jumatatu. Lori tupu, bila trela. Mapipa, kama kawaida.

Wakati wa chakula mumewe hakuzungumza lingine. "Mapipa yale nimeyasimamia mimi," alimweleza mama yake, ambaye alikwisha kuisikia hadithi hiyo. "Kila dereva mpya lazima ayazunguke bila kugusa. Zamani watu walikuwa wanayasogeza. Shemeji ya fulani akija, mapipa yanapeana nafasi. Nikachukua rangi nyeupe, nikachora duara chini ya kila pipa, kwenye saruji. Tangu siku hiyo pipa likisogea, duara linasema."

"Ulikuwa mkali," mama yake alisema.

"Dereva asiyeweza lazima ajulikane yadini, mama. Akijulikana barabarani ameshaua mtu."

Mkewe aliweka kijiko chini. "Gemu si lori," alisema.

"Nani kasema ni lori?"

"Nasema tu. Gemu ni gemu."

"Mikono ni ile ile," mumewe alisema, akaukunjua wa kushoto juu ya meza ili wote waione. Vidole vilifunguka taratibu, kimoja kimoja. Yeye aliona vinafunguka. Mkewe aliona taratibu.

Usingizi wake siku hizo ulikuwa wa vipande. Alimwona mumewe kwenye kiti kile kirefu, mguu wa kushoto ukitafuta klachi, mkono wa kushoto ukitafuta gia, na mtu anapita langoni na mfuko wa mikate. Angemwambiaje? Alitafuta njia ya mtu mwoga, akaipata: alilegeza kamba. Akaachia kidogo, ili mumewe ashindwe kidogo, ajue kidogo, ashuke ngazi moja moja badala ya kusukumwa.

Mumewe akawa wa tano. Akakigeuza kifaa, akakipuliza pembeni, akakitikisa sikioni.

"Hiki kimechoka," alisema. "Kitufe cha kushoto kimelegea. Mpelekee fundi wenu."

"Labda ni..."

"Labda ni vumbi. Jana kilikuwa kizima, na mimi jana nilikuwa huyu huyu."

Mama mkwe alimfuata jikoni. "Mwanangu," alimwambia, akishusha sauti ambayo haikuzoea kushuka, "kama kidude kimeharibika, kitengenezwe leo. Amebakiza siku chache aende kazini, wewe unamletea kitu kibovu kimvunje moyo? Mgonjwa haulizwi uji. Anapewa."

Akakirudisha ofisini. Mchoraji alikuwa amesimama nyuma yake alipokuwa anakaza kamba, na kwa kuwa alikuwa na macho ya mchoraji, aliona.

"Hiyo ni namba ya nini?"

"Ya majaribio."

"Kwa namba hiyo hata jiwe litashinda. Ukiliweka jiwe juu ya kitufe cha mafuta, linachukua kombe." Mchoraji alitabasamu, halafu akaona ni kifaa cha nani, kwa plasta nyeupe ambayo mama mkwe aliibandika nyuma ili kisichanganywe na vingine. Tabasamu likaondoka. "Anajua?"

"Jumatatu anakwenda kujaribiwa yadini."

"Dada, nimekuuliza anajua?"

"Nitamwambia Jumapili. Tukishakula."

"Mficha uchi hazai," mchoraji alisema, akarudi kwenye kiti chake, na siku nzima hakumtania tena. Hilo lilimuuma kuliko methali.

Jumapili alikuwa anapiga pasi shati la kazi la mumewe, la kijivu, lenye mfuko wa kalamu. Vifungo alikwishaving'oa vyote, akashonea vibanio vya kubonyeza, juu yake akapachika vifungo vya bandia ili shati lionekane vile vile. Mumewe alikuwa bafuni ananyoa kwa mkono wa kulia. Chakula kilikuwa jikoni kinaiva. Maneno aliyapanga kichwani: nilitaka ule, nilitaka uamke, sikujua itafika huku. Kila alipoyafikisha mwisho yalionekana mafupi.

Mama mkwe alikuwa kwenye kochi bila kazi, jambo lililokuwa hatari siku zote. Akakiokota kifaa.

"Hiki kinawashwaje?"

"Mama, kiache."

"Nakiangalia tu. Kimewaka chenyewe."

Alikishika kama mtu anayeshika sinia ya vikombe, mbali na tumbo. Miwani yake ilikuwa na mkono mmoja, mwingine ulikuwa uzi. Mbio zikaanza, naye akaanza kuzungumza na magari kama anavyozungumza na kuku. "Wewe wa njano, pita huko. Pita. Mjinga huyu, anaingia kwenye mti. Haya, nami nimeingia kwenye mti. Tumekutana."

Mkewe aliiweka pasi chini. Angeweza kukinyakua. Baadaye alijiuliza kwa nini hakukinyakua. Huenda alichoka kuwa peke yake na siri ile.

Mumewe alitoka bafuni taulo begani, povu shavu moja. Alisimama mlangoni akimtazama mama yake kwa furaha. Gari la mama lilikuwa linakwangua uzio, linarudi nyuma, linagonga kibanda cha matikiti, linakwangua tena. Kisha tarumbeta, fupi zaidi, ya mshindi wa pili.

"Wa pili," mama mkwe alitangaza. "Kati ya wanane. Na breki sijui hata iko wapi. Mwanangu, hiki ni kipaji cha ukoo."

Alicheka. Alicheka peke yake, kwa muda, kabla ya kugundua yuko peke yake.

"Rudia, mama," mumewe alisema.

"Nirudie nini? Vidole vimeingia ganzi."

"Rudia tu."

Alirudia. Safari hii alikuwa anamtazama mwanawe zaidi ya kioo. Akawa wa tatu.

Mumewe alikichukua kifaa kutoka mikononi mwake, akaketi. Akaanza mbio, akaendesha mpaka kwenye daraja, na pale juu ya daraja akaondoa gumba kwenye mafuta. Gari likasimama. Pembeni mwa kioo kulikuwa na ramani ndogo yenye nukta saba nyekundu. Nukta zilikwenda mbele, zikafika kona ya baada ya daraja, na hapo zikaanza kutambaa. Gari moja lilizunguka mti. Jingine liligonga uzio, likarudi nyuma, likagonga tena, kama nzi kwenye kioo cha dirisha. Hayakusimama kabisa. Mkewe hakuyaruhusu kusimama, kwa sababu kusimama kungeonekana.

Mumewe alingoja. Povu likamkaukia shavuni. Hakuna gari lililoondoka.

"Yananisubiri," alisema.

Mkewe alichomoa pasi ukutani.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili."

"Siku ya kwanza ilikuwa kweli?"

"Siku ya kwanza ilikuwa kweli."

"Basi mimi ni wa nane."

"Jamani," mama mkwe alisema, "hii si plastiki tu? Ndiyo tununiane kwa ajili ya plastiki, na chakula kiko jikoni?"

"Mama, tafadhali," mumewe alisema kwa upole, na mama akanyamaza. Mkewe hakuwahi kuona mama mkwe akinyamazishwa kwa upole.

"Nilitaka..." alianza.

"Najua ulichotaka. Iondoe."

Alileta kompyuta ya kazini, akaiweka kati ya sahani, akachomeka waya, akamweleza habari ya kamba, akaifuta ile namba. Ilikuwa kazi ya kubonyeza mara moja. Mumewe alicheza mchana wote. Magari saba yaliondoka kama yalivyoumbwa kuondoka, na muda si muda yalitokea nyuma yake, yamemaliza mzunguko mzima, yakampita tena. Mkewe alingoja ageukie ukuta. Hakugeuka. Alicheza kama mtu anayesoma majibu ya hospitali, mstari kwa mstari.

"Siku ya kwanza nilimaliza," alisema mwishowe. "Leo sijamaliza hata mara moja."

"Tuwapigie yadini."

"Tuwaambie nini? Kwamba mke wangu alikuwa ananigawia ushindi kwa kijiko?"

"Tuwaambie bado."

"Nimewaambia nakuja, nitakwenda. Nataka kushika kitu kisichojali mimi ni nani."

Yadi haikuwa mbali na nyumbani, kwa hiyo asubuhi walikwenda kwa miguu. Mama mkwe alibaki. Mumewe alivaa shati la kijivu, akavibonyeza vibanio mwenyewe kwa mkono wa kulia, na kama alitambua vifungo ni vya bandia hakusema.

Wenzake walikuwa wamejipanga ukutani kama watu wa harusi. "Kawia kafika," mmoja alisema. "Tulidhani umeolewa na kitanda," alisema mwingine, na wote wakacheka kwa nguvu kupita utani wenyewe. Msimamizi wa yadi alimkumbatia upande mzima. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya kukwaruza, na asubuhi ile alikuwa akisema mambo mengi kuhusu hali ya hewa.

"Mzunguko mmoja, kaka. Polepole. Mwendapole hajikwai. Ukirudi hapa tunakunywa chai, na Alhamisi unaanza safari za karibu."

Mumewe alikuwa anatazama saruji. Mkewe akafuata macho yake. Rangi ilikwisha kufifia, lakini ilionekana: maduara meupe yamejipanga pande mbili, na kila duara lilikuwa tupu. Mapipa yalisimama nje yake, mbali, kila upande. Katikati palikuwa na uwanja ambao hata ng'ombe angepita akiwa amelala.

"Nani kayasogeza?" mumewe aliuliza.

Watu wa ukutani walitazama viatu vyao.

"Upepo," msimamizi alisema.

"Upepo umesogeza mapipa yenye mchanga."

"Kaka, wewe huhitaji mtihani. Mtihani ni wa watoto. Wewe tunakujua."

Mumewe aligeuka, akamtazama mkewe, si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayemtambulisha ndugu kwa ndugu mwenzake. Kisha akamwambia msimamizi, "Yarudisheni kwenye alama."

Waliyarudisha. Walifanya hivyo bila haraka, wakiyaviringisha kwa ukingo wa chini, na kelele ya chuma juu ya saruji ilikuwa ndefu. Mtu mmoja alimsaidia kupanda, akausukuma mguu wa kushoto ndani kama mtu anayepakia kitu. Injini iliwaka. Uso wake ulipoonekana juu kule nyuma ya kioo, mkewe alimwona kama alivyokuwa zamani, na ilidumu kwa kadiri lori lilivyokaa limesimama.

Lilianza kwa kuruka, kwa sababu klachi iliachiwa ghafla. Pipa la kwanza alilipita salama. La pili lilianguka, likamwaga mchanga. Gia ilisaga, ikasaga tena, na wote waliokuwa ukutani wakakunja nyuso kwa pamoja, kama jino ni lao. La tatu lilivutwa na bampa hadi likalala chini ya gurudumu, na lori likazidi kwenda kushoto, kushoto, mkono wa kulia ukihangaika peke yake na usukani, mpaka likasimama mbele ya ukuta walipokuwa wamesimama watu. Hawakuwapo tena. Walikuwa wamekimbia, rafiki zake wote, na kofia ya mmoja ilibaki chini.

Injini ikazimwa.

Aliposhuka alimkabidhi msimamizi ufunguo, na msimamizi akaupokea kwa mikono miwili.

"Umeona?" mumewe alisema. "Duara linasema."

Hakuna aliyecheka, ingawa aliwapa nafasi.

Walianza kurudi nyumbani. Mkewe alitembea kama alivyotembea tangu kiharusi, hatua fupi, mara akitafuta kitu mkobani, mara akisimama kutikisa kokoto ambayo haikuwamo kiatuni. Mbele ya karakana ya milango ya chuma alisimama kuitazama milango. Mumewe akamfikia, akasimama naye.

"Unataka mlango?"

"Hapana."

"Kila tukipita hapa unasimama. Mlango tunao. Unafungika vizuri tu siku zote."

Mkewe aliendelea kuutazama mlango mmoja wa kijani, wenye maua ya chuma.

"Nayo hii ni kamba," mumewe alisema.

Mkewe alitaka kumwambia kwamba hiyo haikuwa kamba, hiyo ilikuwa ndoa. Lakini alikuwa amedanganya mno kulitumia neno lile.

"Na vifungo," mumewe alisema. "Na kikombe cha chai kisichojazwa, nisije nikamwaga. Ni nini kingine nyumbani mwangu?"

Hakuweza kuanza kuvitaja. Vilikuwa vingi, na vingine alikwisha kuvisahau mwenyewe.

"Tembea," mumewe alisema. "Mwendo wako. Ule wa zamani uliokuwa unanifanya niheme mdomo wazi."

"Na wewe?"

"Mimi nitatembea wangu."

"Nikusubiri wapi?"

"Usinisubiri."

Akatembea. Miguu haikukubali mara moja, ilitaka kufupisha hatua, akailazimisha. Nyuma yake kiatu cha kushoto kilikwaruza barabara, karibu, kisha mbali kidogo, kisha kama mtu anayefagia uwanja wa nyumba nyingine. Likapita gari la takataka. Lilipokwisha kupita alisikiliza, na hakusikia kiatu. Ofisini ilikuwa namba tu, unaiongeza na dunia inapunguza mwendo. Hapa alikuwa na shingo ya kugeuka na alikatazwa. Akapinda kona bila kugeuka.

Mama mkwe alikuwa mlangoni kwenye kiti, kifaa mapajani.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Anakuja."

"Yuko nyuma kiasi gani?"

"Sijui," mkewe alisema, na ilikuwa kweli.

Mama mkwe alimtazama usoni, akaelewa yadi ilivyokwenda, akaacha kuuliza. Alisogea kumpa nafasi kwenye kizingiti. Mkewe akaketi, mkoba bado begani.

"Hiki kidude nacho," mama mkwe alisema, ili pawe na neno. "Tangu asubuhi kila nikicheza mimi ni wa nane. Kimeharibika."

"Hakijaharibika, mama."

Jua lilikwisha kuwafikia miguuni. Watu walitokea kwenye kona, mmoja na mkokoteni, wawili wakibishana, mwanamke mwenye mwavuli, na kila mmoja wao alikuwa mtu mwingine. Mama mkwe alikizima kifaa. Wakaendelea kuitazama kona.